Benchi la Wawili

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na benchi.

Benchi la nani?

La mtu aliyekosa. Sogeeni basi niwasimulie. Na wewe uliyejibanza mlangoni ingia, hakuna atakayekuuliza umetoka wapi.

Zamani sana, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, kulikuwa na kijiji juu ya mlima. Kijijini kulikuwa na kanisa la udongo lenye paa la nyasi. Mbele ya kanisa palikuwa na meza. Mbele ya meza palikuwa na mabenchi kumi na mawili. Nyuma kabisa, karibu na mlango, upepo unapoingilia, palikuwa na benchi la kumi na tatu.

Benchi hilo fundi alilikosea. Badala ya kuweka miguu kwenye ncha, aliiweka yote katikati, imekaribiana kama mbuzi wanaonyeshewa. Ukikaa katikati, salama. Ukikaa pembeni peke yako, upande wako unashuka, kwiii, na upande wa pili unapaa na kugonga ukuta, kob.

Kwiii, kob.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Halafu wazee wa kanisa wakasema, tusilitupe, ubao ni ubao. Wakalipeleka nyuma, wakalifanya benchi la waliotengwa. Maana siku zile, mtu akionekana ametenda dhambi kubwa, alitengwa. Haimbi na wenzake. Hasogei kwenye meza ya Bwana. Mtoto wake habatizwi. Anakaa nyuma, peke yake, katikati ya benchi lile, magoti pamoja, asithubutu hata kujikuna, mpaka siku atakaporudishwa kundini.

Nani aliwaza kumpa mtu aliyeanguka benchi linaloangusha? Sijui. Mimi nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilikasirika, na sijaacha.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi Bibi Malemba. Alikuwa mzee, mwembamba kama ufito, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Alikuwa na mambo mawili yaliyojulikana mlima mzima. La kwanza, alikuwa anasali macho wazi. Watoto walimuuliza, "Bibi, mbona hufumbi macho?" Akajibu, "Ninayesema naye hajafumba ya kwake." La pili, alipanda mahindi meusi. Mbegu aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Hakuna mwingine aliyeipanda, kwa sababu ilizaa kidogo na ilichelewa kuiva. Yeye aliipenda tu.

Na palikuwa na desturi. Kila nyumba, kila siku ya kupika, kabla mahindi hayajaingia chunguni, mama mwenye nyumba alichota konzi moja, mkono mmoja uliojaa, akaitia kwenye kikapu kidogo kando ya mlango. Jumamosi vikapu vyote vilimwagwa katika kihenge cha kanisa, kilichokuwa ndani ya ghala lenye kufuli. Mahindi meupe ya huyu, ya manjano ya yule, meusi ya Bibi Malemba. Yote yalichanganyika humo. Na Jumamosi hiyo hiyo, wagonjwa, wajane na waliotoka kujifungua walipanga foleni mbele ya kanisa, mchana kweupe, na mwalimu wa kanisa akawagawia.

Mwalimu huyo aliitwa Yeremia Mwangemi. Kasisi mwenyewe alikuja mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, na punda wake. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya Mwalimu Yeremia. Mtu akiugua, Mwalimu. Mtu akifa, Mwalimu. Wana wakigombea mpaka, Mwalimu. Alikuwa na koti moja jeusi na miaka ishirini ya kuwagawia wengine. Watu walimpenda. Nasema tangu sasa ili msije mkaniambia baadaye kwamba sikusema: alipendwa, na alistahili.

Mko nami?

Tuko.

Ikaja njaa.

Ilikuwa njaa ile ya polepole, inayoingia nyumba hadi nyumba kama mgeni asiyeaga. Konzi zikawa ndogo. Foleni ikawa ndefu. Ndani ya kihenge wazee walichora mstari wa mkaa, wakasema, mahindi yakifika hapa, tunapunguza mgao mpaka mavuno. Jumamosi moja wakafungua kihenge. Mahindi yalikuwa chini ya mstari kwa urefu wa mkono mzima.



Kisha wazee wakaanza kunong'ona. Nani ana ufunguo? Wakakumbuka kuwa ufagio wa kanisa hukaa humo humo ghalani, na anayefagia kanisa ni Saru.

Saru alikuwa mjane wa miaka ishirini na miwili. Mume wake alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikuwa wa kike, miezi mitano, mnene wa mashavu, bado hana jina la ubatizo kwa sababu kasisi hajaja. Saru alikuwa anahesabu miezi. Alimwambia kila mtu, "Kasisi akija mwanangu anaingia maji." Alikwisha kumshonea gauni kwa kitambaa cha shati la baba yake.

Wakamwita. Wakamuuliza. Akasema, "Sikuchukua."

"Una ufunguo?"

"Ninao."

"Una njaa?"

"Nani hana?"

Mzee Kirigha, mkubwa wa wazee wa kanisa, akatikisa kichwa. "Mama, Mkristo akikosolewa hajibu namna hiyo. Ananyamaza, anaomba radhi, tunasameheana, yanaisha."

"Niombe radhi ya kitu gani, baba?"

Hapo wakaona ana kiburi. Jumapili, Mwalimu Yeremia akasimama mbele. Akafungua karatasi. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi, na watu wakasema, maskini, inamuuma. Akasoma: Saru ametengwa. Hatakaribia meza. Mtoto wake hatabatizwa mpaka atakapoungama.

Saru akaenda nyuma na mtoto mgongoni. Hakuwahi kukaa pale. Kwa aibu akakaa pembeni kabisa, karibu na mlango.

Kwiii, kob.

Akateleza, akashika ukuta, mtoto akalia. Watu wakacheka. Ndiyo, kanisani. Msijifanye hamjui watu.

Bibi Malemba alikuwa amekaa benchi la kwanza. Akainuka. Akachukua fimbo yake. Kanisa zima likamsikia akitembea, tok, tok, tok, kutoka mbele hadi nyuma. Akafika. Akaimba kwa ile sauti yake, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

*Sogea, mwanangu, sogea,*
*benchi hili la wawili, sogea.*

Akakaa upande wa pili. Benchi likashuka, likapanda, likatulia. Kwa kuwa Saru alikuwa na mtoto mgongoni na Bibi alikuwa mwepesi, ilibidi Bibi ajisogeze mwisho kabisa, nusu ya makalio hewani.

Saru akanong'ona, "Bibi, mimi sikuiba."

"Mimi nimekuuliza?"

"Hapana."

"Basi tulia mtoto alale. Nimekuja kukalia benchi."

Baada ya ibada Mzee Kirigha akamfuata. "Dada Malemba, unatuaibisha. Hilo ni benchi la wenye dhambi."

"Ndiyo maana nilishangaa kukuta nafasi."

"Unajua ninachosema."

"Na mimi nataka kujua unachojua. Mlikwenda kutazama chungu cha Saru?"

"Hatukwenda."

"Mlitazama nini?"

"Tulitazama ufunguo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Wa pili anao nani?"

Mzee Kirigha akacheka. "Anao Mwalimu. Lakini Mwalimu ni Mwalimu."

"Na Saru ni Saru," Bibi akasema, akaenda zake. Tok, tok, tok.

Siku mbili baadaye Bibi Malemba akapita kwa Mwalimu kumuuliza wimbo wa Jumapili. Mwalimu hakuwepo, alikwenda kuzika. Mke wake, Raheli, akamkaribisha. Mgeni haondoki bila kula, hata mwaka wa njaa, na Raheli aliweka mbele yake bakuli dogo la pure, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

"Mna mahindi?" Bibi akauliza.

"Mungu ni mwema, Bibi. Shamba letu unajua nyani walilimaliza, Mwalimu akiwa huko huko kwa wagonjwa. Lakini anasema alipewa na kanisa la bondeni."

Bibi akachota. Akatazama mkono wake.

Hindi jeupe.

Hindi la manjano.

Hindi jeusi.

Akachota tena. Jeupe. La manjano. Jeusi. Bondeni hakuna mtu anayepanda mahindi meusi. Mlima mzima yako shamba moja. Raheli alikuwa amesimama mbele yake, anatabasamu, na watoto watano wamekaa chini kwa mstari wakimtazama mgeni anavyokula chakula chao. Raheli hakujua kitu. Ingekuwa anajua, angemwekea bakuli lile Bibi Malemba?

Bibi akagawa lile bakuli kwa wale watoto watano. Akasema, "Nimeshiba." Akakaa nje kumsubiri mwenye nyumba.

Hapo ndipo mimi nilipomkatiza bibi yangu aliyenisimulia. Nikamwambia, mbona hakukimbia? Angepiga kelele kijiji kizima, Saru atoke kwenye lile benchi siku ile ile. Bibi yangu akaniambia, "Wewe una mdomo mzuri. Subiri."

Mwalimu Yeremia akarudi na koti lake jeusi limejaa vumbi la kaburi. Akamkuta Bibi.

"Bibi, karibu. Umekula?"

"Nimeyaona mahindi yangu, Mwalimu."

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa. Alikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

"Nilichota mara tatu," akasema. "Watoto walikuwa hawalali."

"Kwa nini hukupanga foleni?"

"Bibi, miaka ishirini ninawagawia mimi. Nisimame pale na kikapu? Mbele ya nani? Nani ataninyooshea mkono?"

"Mimi ningekunyooshea. Sikiliza, mwanangu. Kwa mahindi sina neno. Ungesema, tungekupa, na nyani wale tungewalaani pamoja. Lakini ulisoma karatasi. Ulisimama, ukafungua mdomo, ukamtenga binti wa watu kwa kosa lako. Hilo ndilo limenileta."

"Nilidhani litapoa. Kasisi akija nitamnong'oneza, amrudishe kimya kimya."

"Amrudishe mwizi aliyesamehewa? Yeye si mwizi."

Mwalimu akafunika uso. Bibi akamshika bega, akasali, macho wazi, akimtazama. "Bwana, huyu ni wako na ni wetu. Amekwama. Msukume." Amina. Akainuka.

"Leo nimekuja peke yangu, Mwalimu. Jumapili useme. Usiposema, nitarudi na mwingine."

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alikwenda kwa Saru. Akamwambia, "Ninajua kwamba si wewe, na ninajua kwa ushahidi. Yeye mwenyewe atasema. Asiposema, nitasema mimi. Unanipa Jumapili mbili?"

Saru akamtazama. "Kwa nini nimpe mtu Jumapili zangu?"

Swali zuri. Bibi aliegemea fimbo yake. Akasema, "Huna deni hilo. Ninakuomba mimi."

Saru akafikiri. "Mbili. Si tatu."

Ikaja Jumapili ya kwanza. Saru upande huu, Bibi upande ule. Mwalimu akapanda mbele, akahubiri habari za Yona na samaki. Alihubiri mpaka samaki mwenyewe angechoka. Lakini kuhusu kihenge hakusema. Kila alipofika mahali pa Yona kutapikwa, macho yake yalikwenda kwenye benchi la nyuma, kisha yakarudi mbio.

Jumanne Bibi akarudi, safari hii na Mzee Kirigha. Mzee Kirigha alipoonyeshwa mahindi meusi ndani ya chungu cha Mwalimu, aliyahesabu moja moja kwa kidole. Lakini sikieni alichosema. Alisema, "Dada Malemba, hili likitoka nje kanisa litachekwa na mlima mzima. Tumsamehe hapa hapa, sisi watatu, tufunike."

"Na Saru?"

"Saru tutamfariji."

"Kwa nini? Amefiwa tena?"

Mzee Kirigha akageuka kuutafuta mlango.

"Kirigha, kusamehe ni kazi yangu, naipenda, nimeifanya tangu ujana wangu, hata wewe nimekusamehe mengi. Lakini huwezi kumsamehe mtu kwa kutumia mgongo wa mwingine. Mgongo ule tayari una mtoto."

Mwalimu alikuwa anasikia yote. Akasema, "Jumapili nitasema. Naapa."

"Usiape," Bibi akasema. "Sema tu."

Lakini neno halikai ndani ya kijiji. Mtu alimwona Mzee Kirigha akitoka kwa Mwalimu uso umemwanguka, na kufikia Ijumaa watu walikuwa wanasema wazee wamekaa tena, sasa Saru anafukuzwa kabisa. Saru alisikia akiwa kisimani. Hakuuliza. Alikuwa amechoka kuuliza. Jumapili alfajiri alifunga gauni la ubatizo ndani ya kanga, akambeba mtoto, akashika njia ya mgongo wa mlima kwenda kwa baba yake.

Chuma cha kanisa kikagongwa. Nge, nge, nge. Watu wakaingia. Bibi Malemba akaingia, tok, tok, tok, akafika nyuma. Benchi tupu.

Jirani akamwambia, "Amekwenda kwao. Amebeba kila kitu."

Bibi akaupangusa ubao kwa kiganja. Akaimba, taratibu:

*Sogea, mwanangu, sogea,*
*benchi hili la wawili, sogea.*

Hakuna aliyesogea. Akakaa pembeni, mahali pake pale pale.

Kwiii, kob.

Yule bibi akaenda chini. Fimbo ikaruka huku, kitambaa cha kichwa kikaruka kule. Akabaki ameshikilia ncha ya ubao, magoti sakafuni, upande wa pili wa benchi umepaa hewani.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wapo wanaosema alisahau. Wapo wanaosema mtu aliyekalia benchi hilo Jumapili mbili hawezi kusahau. Mimi sibishani. Mnanijua napenda kubishana, lakini hapo nanyamaza.

Mwalimu Yeremia akaruka kutoka mbele. Akapita mabenchi yote kumi na mawili mbio, koti linapepea. Akainama kumshika mkono.

"Usinivute," Bibi akasema. "Mifupa yangu ni mizee. Kaa upande ule, benchi litaniinua lenyewe."

Mwalimu akatazama upande ule. Ulikuwa juu, kifuani pake. Watu wote wamegeuka. Akaweka mikono miwili juu ya ubao, akaubonyeza chini, akakaa kwenye benchi la waliotengwa.

Benchi likashuka kwake. Likapanda kwa Bibi. Likatulia sawasawa, kama kamba ya kuanikia nguo.

Watu wakaona kitu walichokuwa hawajakiona. Mwalimu wao, mtu mkubwa wa kanisa, alikuwa mwepesi kama kibibi yule. Ndani ya lile koti hakukuwa na mtu, mifupa tu. Hakuna aliyewahi kumtazama. Walizoea kutazama mikono yake inayogawa.

Akasema. Hakusimama mbele, alisema pale pale alipokaa. Alisema habari za nyani, na za watoto wasiolala. Alisema mara tatu alizochota. Kisha akasema, "Na karatasi ile niliiandika mimi, nikijua. Saru hakugusa kihenge. Mimi ndiye."

Raheli, mke wake, aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti.

Lo. Kanisa likawaka. Vijana wakasimama. "Atoke. Avue koti la kanisa. Alimsimamisha mjane wa watu mbele yetu." Na mimi, ningekuwepo, ningesimama nao, tena juu ya benchi. Mwingine akamgeukia Bibi: "Na wewe Bibi, bado unakaa naye? Huna hata hasira?"

"Nani amekwambia sina hasira?" Bibi akasema. "Nina hasira mpaka meno mawili niliyobakiza yananiuma. Kuna mtoto wa miezi mitano huko mgongoni mwa mlima, jua linampiga kichwani, kwa sababu ya huyu niliyekaa naye. Na kwa sababu yenu pia, mliocheka. Nikiinuka hapa ataanguka, na mtu aliyeanguka chini hatembei. Mimi nataka atembee. Ana safari leo."

Akamgeukia Mwalimu. "Inuka polepole, unishushe. Kamfuate Saru. Kayaseme haya mbele ya baba yake, kwa sauti ile ile uliyosomea karatasi."

Basi wakatoka. Mwalimu mbele. Mzee Kirigha nyuma yake. Nyuma yao wale waliocheka, na wale waliokasirika, kanisa zima, mstari mrefu juu ya mgongo wa mlima mchana ule. Bibi hakuweza kwenda. Goti lilivimba kama boga. Akabaki peke yake ndani ya kanisa, amekaa katikati ya benchi, anasali macho wazi akitazama njia.

Walimkuta Saru karibu na nyumba ya baba yake, anamnyonyesha mtoto. Baba yake akatoka na panga, akiona umati. Mwalimu akapiga magoti kwenye kokoto, akasema yote. Hakupunguza.

Saru akasikiliza. Mtoto akanyonya. Watu wakasubiri.

"Umemaliza?" Saru akauliza.

"Nimemaliza."

"Sijakusamehe."

Mzee Kirigha akafungua mdomo. Saru akamtazama, mzee akaufunga.

"Nitarudi," Saru akasema, "kwa sababu Bibi yuko peke yake, na goti lile nani analikanda? Hayo mengine, mniombee. Mimi kwa sasa nikifungua mdomo kusali, inatoka hasira tu."

Waliporudi, akamweleza Bibi. Bibi akasema, "Imetoka hasira? Basi hiyo hiyo umpe Mungu. Anapokea kilichopo nyumbani."

Mambo yakawekwa sawa. Jina la Saru likasafishwa mbele ya wote, na Mzee Kirigha ndiye aliyesimama akalisafisha, akiomba radhi kwa yale aliyoyasema. Ufunguo aliokuwa nao Mwalimu akapewa Raheli, kwa kura ya akina mama, walioamini kwamba hakujua kitu. Na Jumamosi iliyofuata, watu wakiwa wamejipanga, Mwalimu Yeremia akaja na kikapu. Akasimama mwisho wa foleni. Ilikuwa foleni ndefu. Alipofika mbele, mke wake mwenyewe akachota konzi, akamtilia. Jeupe, la manjano, jeusi. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa mzee mmoja kipofu aliyeuliza, "Mbona kimya? Nani huyo?" Mwalimu akajibu, "Ni mimi, Yeremia. Nina njaa." Yule kipofu akasema, "Karibu. Mimi pia." Foleni ikacheka, na Mwalimu akacheka akilia.

Lakini benchi alilikalia, na ibada akaiongoza Mzee Kirigha. Hakuna aliyemsamehe benchi. Kila Jumapili, mpaka kasisi aje. Na kila Jumapili Bibi Malemba aliketi upande wa pili, goti limefungwa majani, nusu ya makalio hewani kwa mazoea.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kasisi angefika kesho yake. Bibi hakuja. Usiku wa Ijumaa homa ilimshika, akaagiza, "Mwambieni akae katikati, asije akaanguka."

Mwalimu akakaa katikati, peke yake, magoti pamoja. Ibada ikaanza. Wimbo wa kwanza ukaimbwa, ukaisha. Saru alikuwa benchi la nne, mtoto mapajani. Akageuka, akatazama nyuma. Akageuka mbele. Wimbo wa pili ukaanza. Akageuka tena.

Kisha akainuka. Akambeba mtoto. Kanisa likaacha kuimba, sauti moja baada ya nyingine. Akatembea mpaka nyuma, akasimama mbele ya benchi.

"Sogea," akasema.

Mwalimu hakuelewa.

"Sogea pembeni, Mwalimu. Hili ni la wawili."

Mwalimu akasogea. Kabla ubao haujaanza kulia, Saru akakaa. Halikushuka, halikupanda. Mtoto akaunyoosha mkono akashika kifungo cha lile koti jeusi, akakivuta, akakataa kukiachia mpaka ibada ikaisha.

Kesho yake kasisi akaja na punda wake. Akamrudisha Mwalimu kundini, akambatiza mtoto. Jina? Malemba. Bibi alibebwa kwa machela kuja kushuhudia, na maji yalipomwagwa na mtoto akalia, alisema kwa sauti ile, "Vizuri, sauti ipo."

Kasisi alipokuwa anaondoka aliliona benchi. Akasema, "Hili limeharibika. Mleteni fundi alitengeneze miguu."

Kijiji kizima kikajibu pamoja, "Hapana, Padri."

Mpaka leo liko vile vile, nyuma, karibu na mlango. Mtu akikosa, analikalia. Na mwingine anainuka kutoka mbele kwenda kukaa naye.

Nami nawaambia hivi nyinyi mlionisikiliza. Mtu akiwaambia sameheni, msibishe, sameheni, ni amri na ni tamu. Ila mgeuke kwanza mtazame nyuma, muone ni nani amekalishwa pale kwa kosa lisilo lake, mkamwinue. Kisha nendeni mkae na mkosaji mpaka aweze kutembea. Na mkisali, macho wazi.

Hadithi yangu imechoka, imekaa hapo mwisho wa ubao. Upande wa pili mtupu. Sogeeni.